Mazoezi ya nyumbani kwa mwenye baridi yabisi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari ameshamthibitishia baridi yabisi na ameshaanza dawa, pamoja na yule anayeishi naye na kumsaidia. Baridi yabisi inayozungumzwa hapa ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa maungio. Vidole huvimba mikono yote miwili, na asubuhi ngumi haikunjiki kwa saa nzima au zaidi. Jongo ni ugonjwa mwingine, na kusagika kwa magoti kwa umri ni kitu kingine, ingawa mtaani vyote vitatu huitwa kwa jina moja. Kwa wakazi wa Arusha na vijiji vya chini ya Meru kuna la nne: maji yenye floridi nyingi, ambayo yakinywewa kwa miaka mingi huweza kukakamaza mifupa na maungio. Ndiyo maana vipimo vya hospitali vinatangulia mazoezi.

Jina lenyewe limewapotosha wengi. Baridi ya Juni na Julai huongeza kukakamaa, lakini haileti ugonjwa. Sweta na blanketi havitibu, na jua la Moshi haliponyi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwambia mgonjwa apumzike mpaka maumivu yaishe. Ugonjwa unakula misuli, prednisoloni (dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe) ikitumiwa muda mrefu inakula misuli, na kulala kunaimalizia iliyobaki. Goti lisilo na misuli ya paja ya kulishikilia huuma zaidi, hivyo mtu hulala zaidi. Mazoezi yaliyopimwa hayasagi kiungo. Kazi yote iko kwenye kupima.

Hatua ya 1: Kagua shingo na dalili za hatari

Kwa aliyeugua miaka mingi, ugonjwa unaweza kulegeza kano zinazoshika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Pingili ikiteleza, hubana uti wa mgongo. Jiulize: ukiinama, kuna shoti inayoshuka mgongoni au mikononi? Vidole vinakufa ganzi? Miguu imekuwa mizito, au kufunga vifungo vya shati kumekuwa kugumu bila vidole kuuma? Kisogo kinauma mara kwa mara? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usianze. Nenda hospitali, eleza hivyo hivyo, na uliza kuhusu eksirei ya shingo.

Hata kama majibu yote ni hapana, mambo mawili yakome leo. La kwanza ni kuzungushwa shingo saluni mpaka ialike, baada ya kunyolewa. La pili ni kubeba mzigo kichwani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 juu ya pingili hizo, na mkungu wa ndizi unaweza kuzidi hapo. Najua kihambani, kwenye mashamba ya ndizi ya Uchagani, jambo hili ni gumu, na bibi aliyebeba kichwani maisha yake yote ataliona kama dharau. Mweleze sababu, kisha mtafutie toroli na madumu ya lita 5.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto kuliko vingine vyote, hasa ukiwa na homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, na dawa zinazopunguza kinga zinaweza kuificha homa. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma ghafla, ni vivyo hivyo. Usikikande.

Kuhusu dawa, nasema moja tu kwa kuwa linaua: methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Haimezwi kila siku.

Hatua ya 2: Vifaa

Tafuta kiti imara chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, taulo, beseni, kanga, chupa ya maji ya nusu lita (ikijaa ni kama nusu kilo), daftari na tyubu ya baiskeli iliyochakaa.

Tyubu naipenda kuliko mikanda ya rangi ya madukani. Fundi baiskeli yeyote anayo, na ikichakaa unapata nyingine palepale. Kata sehemu ya vali uitupe, pasua tyubu kwa urefu, ioshe kwa sabuni mpaka unga wa ndani utoke, ianike kivulini. Kipande chenye upana wa sentimita 2 ni cha mikono na mabega. Upana wote ni wa miguu. Tyubu ya pikipiki usiichukue, ni ngumu mno kwa mtu anayeanza. Kila wiki ivute mbele ya dirisha utazame nyufa, maana ikikatika inarudi usoni.

Kwa vidole, kanda donge: unga wa ngano robo kilo, chumvi vijiko viwili vya chakula, mafuta kijiko kimoja na maji ya vuguvugu mililita 150. Litakuwa laini kuliko la chapati, na ndivyo inavyotakiwa. Liweke kwenye kopo lenye kifuniko, ulitupe likianza kunuka. Baada ya wiki tatu au nne punguza maji mpaka mililita 130 ili liwe gumu kidogo. Mpira wa tenisi ambao kila jirani anakushauri uukamue, uweke kando. Kukamua kitu kigumu kwa nguvu huvuta vidole kuelekea upande wa kidole kidogo, na huko ndiko ugonjwa wenyewe unakovipeleka.

Hatua ya 3: Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani

Pampu nyayo juu na chini mara 10. Kunja na kunyoosha kila goti mara 5, zungusha vifundo vya mikono, kunja ngumi kadiri inavyokubali bila kulazimisha. Kisha mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, ukiendelea kuichezesha humohumo. Joto la maji lipimwe kwa kiwiko. Mazoezi ya nguvu yasifanywe saa hizi. Yasubiri saa 4 asubuhi na kuendelea, mwili ukishalegea.

Ukiwa bado hapo kitandani, ondoa mto ulio chini ya goti. Goti lililovimba hupata nafuu likikunjwa, kwa hiyo mto unaonekana msaada. Lakini goti linalolala limekunjwa usiku baada ya usiku hushindwa kunyooka, na kulirudisha ni kazi ya miezi, wakati mwingine ya upasuaji. Mguu ulale umenyooka. Mchana lala kifudifudi dakika 15, ili nyonga na magoti vinyooke kwa uzito wake vyenyewe. Kama shingo haigeuki vizuri, weka taulo lililokunjwa chini ya paji la uso ili uso utazame chini.

Hatua ya 4: Mikono

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 490 wenye baridi yabisi mikononi. Walioongezewa programu ya kunyoosha na kuimarisha vidole walikuwa wanaitumia mikono yao vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake, na maumivu yao hayakuzidi. Kwa hiyo mikono isiachwe nyuma, kila siku.

Ya kulegeza, mara 5 hadi 10 kila moja:

- Nyoosha vidole, vikunje kama ndoano, fungua, kisha kunja ngumi kamili, fungua.
- Gusa ncha ya kila kidole kwa dole gumba, ukifanya duara. Likiwa bapa badala ya duara, rudia polepole.
- Laza kiganja mezani. Kuanzia kidole cha shahada, sogeza kidole kimoja kimoja kuelekea dole gumba. Kisha inua kiganja na uanze upya. Usivirudishe vidole kwa kuviburuta kwenda upande wa kidole kidogo.

Ya nguvu, siku tatu kwa wiki: bonyeza donge kwa kiganja kizima mara 10, libane kati ya dole gumba na kila kidole, zungushia ukanda mwembamba wa tyubu kwenye vidole vyote na uvitanue, laza mkono mezani kifundo kikining'inia ukingoni, ushike chupa ya nusu lita na kuipandisha mara 8. Kama kifundo cha katikati cha kidole hubonyea ndani kidole kikinyooka, usikisukume kifike huko. Ishia pale kinaponyooka sawasawa.

Kuna dalili moja wengi huipuuza kwa kuwa haiumi: kidole kidogo au cha pete kimeshuka ghafla na hakinyanyuki chenyewe. Huenda kano imekatika. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu kano ya jirani yake inaweza kufuata.

Kazi za nyumbani nazo zina namna yake. Mwiko ushikwe kama mchi, dole gumba likiwa juu, na mpini uzungushiwe tyubu mpaka unene ufike kama sentimita 3 au 4. Sufuria ibebwe kwa viganja viwili kwa chini, juu ya taulo, isishikwe ukingoni kwa vidole. Nguo zisikamuliwe kwa kusokotwa: zibonyezwe ndani ya beseni kwa sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja, zianikwe zikidondoka. Zitachelewa kukauka, hasa wakati wa mawingu, lakini vifundo vitabaki mahali pake.

Hatua ya 5: Miguu

Kaa kitandani, miguu imenyooka, taulo lililoviringwa chini ya goti. Ligandamize taulo kwa goti, hesabu mpaka 6, achia. Mara 10 kila mguu, kila siku. (Hilo taulo unalitoa ukimaliza, ule mto tuliouondoa usirudi kwa njia hii.) Goti lililojaa maji huzima misuli ya mbele ya paja, na zoezi hili ndilo la kuiamsha.

Lingine ni kuinuka kitini. Nyayo chini, mikono kifuani, inuka, kaa polepole kwa hesabu ya 3. Ukishindwa, usijisukume kwa vidole. Kunja blanketi ulikalie ili kiti kipande, na kila baada ya wiki mbili punguza mkunjo mmoja. Anza na mara 5. Huna haja ya kujilazimisha kuchuchumaa, na kama choo ni cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao cha kuweka juu yake.

Mwenye ugonjwa mwingine wa uvimbe, unaoshika uti wa mgongo (ankylosing spondylitis), ambao huanza ujanani, mgongo ukiuma alfajiri na kulegea mtu akitembea, aongeze kulala kifudifudi, kusimama kisogo kikigusa ukuta, na kuvuta pumzi ndefu mbavu zikitanuka. Kukaa tuli ndiko kunakomwumiza zaidi.

Hatua ya 6: Kupata kipimo chako

Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi. Mazoezi yenyewe mtoto anaweza kuyafundisha. Kujua ufanye kiasi gani ndio utaalamu, na hakuna anayeweza kukujulia bila daftari.

Kabla ya kuanza, andika namba ya maumivu ya kiungo kinachosumbua zaidi, 0 mpaka 10. Fanya mazoezi. Baada ya saa 2 andika tena. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa, kipimo kinakufaa. Kama bado yako juu baada ya saa hizo 2, umezidisha, na zamu ijayo punguza theluthi. Kesho yake andika dakika ngapi mikono imechukua kulegea tangu uamke. Siku zote ni dakika 40 na leo ni 90? Umezidisha, hata kama maumivu ya jana yalitulia.

Sasa tatizo. Mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi atauma kwa vyovyote, na ataliona kila umivu kama ugonjwa. Tofautisha. Umivu la misuli liko katikati ya paja au kigimbi, huja kesho yake, ukibonyeza nyama ndiyo inauma, na huisha kwa siku mbili tatu. Hilo ni la kawaida, endelea. Umivu la kiungo liko penye maungio yenyewe, lina joto, lina uvimbe, na asubuhi linakakamaa. Hilo ndilo la kupunguzia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza idadi, ukabadilisha tyubu na ukaanza kutembea wiki ileile, goti likivimba hutajua kilicholivimbisha, na utaacha vyote. Utaratibu wangu ni huu: mara 8 zikiwa rahisi kwa wiki mbili mfululizo, fanya 10, kisha 12. Zikifika 12, ongeza mzunguko wa pili. Uzito, au tyubu nene, uje mwisho. Ugumu wa zoezi uwe kama 5 au 6 kati ya 10, yaani unapomaliza unahisi ungeweza kuongeza mara tatu nne. Mazoezi ya nguvu yawe siku mbili au tatu kwa wiki, pawe na siku ya kupumzika katikati. Ya kulegeza ni ya kila siku.

Namba za daftari zinaweza kukudanganya, na mara nyingi sababu ni hizi:

Diklofenaki. Ukiimeza kabla ya zoezi, kipimo cha saa 2 hakina maana kwa kuwa dawa imeficha maumivu. Ile uliyoandikiwa endelea nayo kama kawaida, lakini usiongeze kidonge cha duka la dawa ili uweze kufanya mazoezi. Figo na tumbo ndivyo vitakavyolipa.

Siku ya methotreksati. Wengi huchoka kesho yake. Siku hiyo weka ya kulegeza tu, usiihesabu kama kushindwa.

Kazi ambazo hazikuitwa mazoezi. Kufua Jumamosi, kuchuma kahawa, kupalilia, kukaa kwenye daladala kwa mwendo wa saa nzima: vyote viandikwe. Mwili hautofautishi jembe na tyubu. Msimu wa kahawa mikono imeshafanya zoezi lake, basi siku hizo fanya miguu.

Baridi. Juni na Julai ongeza kupasha mwili moto kutoka dakika 5 hadi 10 kabla ya kusema kipimo kimekuwa kikubwa.

Nafuu ya ghafla. Ukichomwa sindano ndani ya kiungo, kiungo hicho kisifanye kazi nzito kwa saa 24 hadi 48, au kama daktari alivyokuambia. Baada ya hapo, au dozi ya prednisoloni ikipandishwa, utajisikia mpya. Maumivu yamepungua ila misuli ni ileile ya wiki iliyopita. Baki kwenye kipimo cha zamani, ongeza kwa utaratibu uleule.

Siku ugonjwa umeamka, usiache, shusha. Kiungo kilichowaka kifanyiwe ya kulegeza taratibu, mara 3 hadi 5, asubuhi na jioni, bila uzito. Zoezi la kugandamiza taulo lifanywe kwa nguvu kidogo kama halizidishi maumivu. Kitambaa chenye maji baridi juu ya kiungo chenye joto, dakika 10 hadi 15. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Viungo vilivyotulia viendelee na ratiba yao. Uvimbe ukishuka, rudi na nusu ya kipimo cha mwisho, siyo pale ulipoachia. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapumzika siku tano, wanarudi na mara 12, goti linawaka upya, na wanahitimisha kuwa mazoezi hayawafai.

Hatua ya 7: Kutembea

Ugonjwa huu huongeza hatari ya moyo kiasi kwamba EULAR, jumuiya ya wataalamu wa magonjwa hayo barani Ulaya, hushauri makadirio ya kawaida ya hatari hiyo yazidishwe kwa 1.5. Kwa hiyo lengo ni lilelile la watu wote: dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anza na dakika 10.

Mtelemko huumiza goti kuliko mlima. Anayeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama Kibosho, Machame au Marangu, apande kwa miguu na ashuke kwa daladala. Ikibidi kushuka, apinde kona kona na ashike fimbo kwa mkono wa upande usiouma.

Ndala zibaki bafuni. Vidole vya mguu hujikunja kuzishika, na mfupa wa mbele ya unyayo ndio unaobeba. Tafuta kiatu kipana mbele, chenye kamba, soli nene isiyojikunja katikati. Mitumba ya soko la Memorial, Moshi, huwa na raba nzuri za aina hiyo, ukiwa na subira ya kuzijaribu mchana, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Soli ya ndani ya kupunguza uzito penye maumivu, na vishikizo vya kifundo cha mkono, hutengenezwa na mafundi wa viungo saidizi. Moshi ina chuo cha kuwafundisha, TATCOT, kilichopo eneo la hospitali ya KCMC tangu 1981.

Hatua ya 8: Kurudi kliniki

Nenda na daftari na viatu unavyotembelea. Mwonyeshe daktari dakika za kukakamaa asubuhi kwa miezi miwili, na mtaalamu wa fiziotherapia umwonyeshe idadi ya kuinuka kitini kwa sekunde 30. Kama dakika hazishuki ingawa umepunguza mazoezi, au ugonjwa umeamka zaidi ya wiki moja, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Huenda tatizo liko kwenye dawa, na daktari ndiye wa kuibadilisha.